Kikundi cha Akina Mama na Siku za Uchaguzi

Sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma bei sokoni, jina lako katika daftari la kikundi, na risiti ya mkopo. Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua akina mama wengi kila uchaguzi unapokaribia. Jambo lenyewe ni hili: kikundi cha akina mama kina kazi gani wakati wa siasa?

Soma polepole. Ukimaliza, jadiliana na wenzako darasani.

MGENI MWENYE KHANGA

Tuseme wewe ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tunduma. Mko akina mama ishirini na watano. Wengine wanauza mchele wa Kamsamba. Wengine wanauza maharage na mahindi. Wengine ni mama lishe. Hao huwapikia madereva wa malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Zambia. Kila wiki mnakutana na kununua hisa. Sanduku lenu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu.

Siku moja, miezi michache kabla ya uchaguzi, anakuja mgeni. Amebeba khanga na sabuni. Anasema:

"Mama zangu, hizi ni salamu za mgombea wetu. Naomba orodha ya majina yenu na namba za kadi zenu za kupigia kura. Mkimchagua, mkopo wa halmashauri mtaupata. Msipomchagua, msije kulia."

Baadhi ya akina mama wanapiga vigelegele. Wengine wananyamaza. Mama mmoja, ambaye ni mwanachama wa chama kingine, anatazama chini. Mweka hazina anauliza: "Sasa, dada zangu, tufanye nini?"

Ndugu msomaji, hapo kikundi kinaweza kuvunjika. Akiba ya mwaka mzima inaweza kugawanywa kwa ugomvi wa siku moja. Ili kumjibu mgeni huyu, inafaa kwanza tujue mambo yanavyokwenda.

KIKUNDI SI JUMUIYA YA CHAMA

Watu wengi huchanganya vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni kikundi cha kiuchumi. Kikundi hiki kina katiba yake, viongozi wake na akiba yake. Mwanachama huingia kwa sababu anaweka akiba na anarudisha mkopo. Haulizwi ana kadi ya chama gani.

Kitu cha pili ni jumuiya ya wanawake ya chama cha siasa. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, yaani UWT, ni jumuiya ya Chama cha Mapinduzi. Baraza la Wanawake wa CHADEMA, yaani BAWACHA, ni la CHADEMA. Kazi ya jumuiya hizi ni kuwakusanya wanawake wa chama, kuwafundisha siasa na kukitafutia chama kura. Hiyo ni kazi halali. Anayetaka ajiunge, na asiyetaka asilazimishwe.

Mama mmoja anaweza kuwa katika vyote viwili. Jumatano yuko kwenye kikundi, Jumamosi yuko kwenye mkutano wa chama chake. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuleta mkutano wa Jumamosi ndani ya sanduku la Jumatano.

TULIKOTOKA

Vikundi vya akina mama na siasa vimejuana tangu zamani. Mwaka 1955, wakati TANU ilipokuwa ikidai uhuru, Bibi Titi Mohamed alichaguliwa kuongoza tawi la wanawake la chama hicho. Yeye alikuwa mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam. Aliwaendea akina mama katika vikundi vyao vya ngoma. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake walichukua kadi za TANU.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, UWT iliundwa, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Wakati wa chama kimoja, UWT ilikuwa jumuiya ya wanawake wa nchi nzima. Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM, na UWT ikawa jumuiya ya CCM.

Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi. Hapo swali jipya likazuka: mwanamke asiye wa CCM aende wapi? Mwaka 1995 baadhi ya wanawake walianzisha Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lisilofungwa na chama chochote. Profesa Anna Tibaijuka alikuwa mwenyekiti wake. Serikali ililisimamisha mwaka 1996, na mwaka 1997 ikalifuta, ikidai kuwa linafanya siasa. Wanawake hao walikwenda mahakamani. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu iliona kuwa kulifuta kulikiuka katiba.

Habari hii inatufundisha nini? Inatufundisha kuwa mpaka kati ya umoja wa wanawake na siasa ya vyama umeleta ugomvi hata kwa wakubwa. Basi tusione ajabu ukileta ugomvi kwetu.

VITI MAALUM HUPATIKANAJE?

Wengi husikia maneno "mbunge wa viti maalum" na hawajui anavyopatikana.

Mbunge wa jimbo huchaguliwa na wananchi wote wa jimbo waliojiandikisha. Mkoa wetu wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, umewahi kuwa na wanawake wa namna hii. Mwaka 2015 Janet Mbene alichaguliwa katika jimbo la Ileje. Mwaka 2020 Condester Sichalwe alichaguliwa katika jimbo la Momba.

Mbunge wa viti maalum hachaguliwi hivyo. Katiba inasema wabunge wa viti maalum wasipungue asilimia thelathini. Viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na kura ambazo kila chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge. Chama kilichopata chini ya asilimia tano ya kura hakipati kiti.

Majina yanatoka wapi? Yanatoka katika vyama vyenyewe. Katika CCM, wajumbe wa UWT mkoani hupiga kura za maoni, na vikao vya juu vya chama hutoa uamuzi wa mwisho. Kura hizo za ndani hupigwa kabla ya uchaguzi mkuu.

Maana yake ni nini kwako? Kama unataka kusema nani awe mbunge wa viti maalum, siku ya uchaguzi mkuu umechelewa. Inakubidi uwe ndani ya chama mapema, uhudhurie mikutano na ugombee ujumbe. Kama hutaki chama, basi sauti yako iko katika kura ya jimbo, kura ya kata na kura ya kijiji.

Kijijini nako wanawake wana nafasi. Sheria inataka wajumbe wanawake katika halmashauri ya kijiji wasipungue robo. Hiyo robo si mwisho. Mwanamke anaweza kugombea hata uenyekiti wa kijiji.

MKOPO SI ZAWADI YA MGOMBEA

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Alisema: "Mkimchagua, mkopo mtaupata."

Maneno hayo si ya kweli. Tangu mwaka 2018 sheria inaiagiza kila halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana, na mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba.

Tufanye hesabu. Kama fedha zinazohesabiwa ni shilingi 1,000,000, zitatengwa shilingi 100,000. Katika hizo, wanawake watapata 40,000, vijana 40,000, na watu wenye ulemavu 20,000.

Ni kweli mikopo hii iliwahi kusimamishwa. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 baada ya kuonekana kuwa fedha nyingi hazirudishwi na vikundi vingine ni hewa. Ilianza kutolewa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Kwa hiyo mkopo hupatikana kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, daftari safi na mpango wa kazi. Mwendeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Yeye hapaswi kuwauliza mtampigia nani kura. Mkopo huo umetoka katika ushuru wa mazao na ada za soko, yaani katika vikapu vyenu wenyewe.

KHANGA NA KADI

Je, khanga tuzipokee? Zamani kidogo sheria iliruhusu kitu kilichoitwa takrima. Mgombea aliweza kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa takrima. Ilisema inamnyima maskini haki ya kugombea sawa na tajiri. Leo kutoa au kupokea kitu ili kura iende kwa fulani ni rushwa. Anayetoa ana kosa, na anayepokea ana kosa.

Na kadi yako ya mpiga kura usimwachie mtu yeyote. Usiiuze, usiiweke rehani, wala usimpe mtu akutunzie.

Kumbuka pia kuwa kura ni siri. Mumeo hana haki ya kuiona. Mwenyekiti wa kikundi hana haki ya kuiona. Karatasi ya kura ina picha ya mgombea na alama ya chama chake. Lakini wewe sasa unaweza kusoma na jina pia. Hiyo ni faida kubwa ya kisomo.

"SIASA IMENITOSHA"

Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliacha majonzi. CHADEMA haikushiriki. Siku hiyo na siku zilizofuata palitokea maandamano na ghasia katika miji mbalimbali, na watu walipoteza maisha. Tangu hapo akina mama wengine wanasema: "Siasa imenitosha. Mimi nashughulika na mchele wangu."

Hofu yao inaeleweka. Hakuna anayetaka mwanawe asirudi nyumbani. Lakini tufikiri pamoja. Ushuru wa mchele wako hupangwa na nani? Bomba la maji litapita mtaa gani? Choo cha soko kitajengwa lini? Mambo hayo huamuliwa katika vikao, uwepo usiwepo.

Siasa si siku moja ya kura tu. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane ni mjumbe wake. Hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Wewe uliyezoea kukagua daftari la kikundi unaweza kuuliza: "Fedha hizi zimekwenda wapi?" Swali hilo halihitaji kadi ya chama.

KIKUNDI KIFANYE NINI KABLA YA UCHAGUZI?

1. Andikeni katika katiba yenu kuwa kikundi hakina chama, na fedha yake haitachangia kampeni yoyote.

2. Kumbushaneni kujiandikisha. Angalieni vizuri: katika uchaguzi wa vijiji na mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, wapiga kura waliandikishwa upya katika orodha ya mahali wanapokaa. Kadi ya Tume ya Uchaguzi peke yake haikutosha.

3. Kama mgombea anataka kuzungumza nanyi, wapeni nafasi sawa wagombea wa vyama vyote, au msimpe hata mmoja. Mwulizeni maswali ya maji, soko na zahanati.

4. Msitoe orodha ya wanachama wala namba za kadi.

5. Mwanachama akitaka kugombea, mtieni moyo, hata kama si wa chama chako. Akigombea uongozi wa nje, amwachie mwingine ufunguo wa sanduku mpaka uchaguzi uishe.

TUMJIBU MGENI

Sasa mweka hazina anajua la kusema. Anasimama na kumjibu mgeni kwa heshima:

"Karibu, ndugu yetu. Khanga zako ni nzuri, lakini hatutazipokea. Majina yetu yako kwenye daftari la akiba, hayako kwenye daftari la chama. Mkopo tutauomba kwa afisa wa kata. Mwambie mgombea wako aje mwenyewe atueleze habari ya soko. Na wagombea wengine tutawaita pia."

Yule mama aliyekuwa akitazama chini anainua uso. Mgeni anakunja khanga zake. Kisha sanduku linafunguliwa, na hisa za wiki zinahesabiwa kama kawaida.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya kikundi chenu na jumuiya ya wanawake ya chama?
2. Mbunge wa viti maalum hupatikanaje?
3. Halmashauri ikitenga kutoka shilingi 5,000,000, asilimia nne ya wanawake ni shilingi ngapi?
4. Mgeni mwenye khanga akija kwenu, mtamjibu nini?
5. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Nani kati yenu alihudhuria?