Breki ya nyuma ikishika, usikimbilie kulegeza nati

Msomaji wangu, kama unaendesha nduthi, fanya kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Toka nje, piga stendi kubwa, weka nyutro, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka raundi kadhaa bila kinyongo, rudi ukae usome kwa starehe. Likigoma hapo hapo kama punda wa Lamu, basi leo tunazungumza na wewe.

Somo hili nililipata Mkokoni, na nusura liniumizie watu.

Kwa usiyepajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni huku bara ya Lamu Mashariki, kinatazamana na kisiwa cha Kiwayu, ukiwa unaelekea Kiunga na mpaka wa Somalia. Bahari yake imo ndani ya hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa mwaka wa 1979. Watu wa huko ni wa bahari, lakini kusi ikivuma, bahari huchafuka na mashua ndogo hukaa ufuoni. Hapo nduthi ndiyo mashua: hubeba samaki, unga, petroli na wagonjwa. Njia ni mchanga mtupu, na pengine unapita ukingoni mwa maji, tairi linarusha chumvi kila mahali.

Nilikuwa nimeacha chuo Mombasa mwaka wa pili, karo imekata, nikaenda kukaa kwa mjomba. Akanipa nduthi yake nipigie kazi. Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kuihisi nzito. Mota inalia lakini haiendi. Petroli ya siku mbili ikawa inaisha kwa siku moja. Mimi na ujuaji wangu wa mjini nikalaumu mchanga, kisha nikalaumu plagi, nikaibadilisha. Wapi! Jioni moja nikashuka, nikagusa ngoma ya gurudumu la nyuma, nikaruka. Ungeweza kukaangia yai.

Nikafanya wanavyofanya wengi wetu. Nikaishika ile nati iliyo mwisho wa rodi ya breki, nikailegeza, nikausukuma ule mkono mdogo wa breki kwa mguu urudi nyuma. Gurudumu likawa huru. Siku ya tatu likashika tena, nikalegeza tena. Nikajiona fundi.

Asubuhi moja nikambeba mama mmoja na mtoto wake mwenye homa, tunaenda Kiunga. Mbuzi wakakata njia. Nikakanyaga pedali, ikazama mpaka chini, hakuna kitu. Nikabana breki ya mbele, na kwenye mchanga nadhani unajua kinachofuata: gurudumu la mbele likakwepa, tukalala chini sote watatu. Alhamdulillahi, ilikuwa michubuko tu. Mama akajipangusa, akamkagua mtoto, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani hii yako ina breki?" Nikakosa jibu.

Niliporudi nikaipeleka kwa ami mmoja anayetengeneza mashine za mashua. Nikamweleza yote. Akacheka. "Si nati iliyokuwa ikiachilia, mwanangu. Ni ule mguu wako."

Sasa nikufafanulie. Nduthi nyingi za boda zina breki ya ngoma nyuma. Ndani ya ngoma kuna breki shu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Katikati ya ncha zake kuna kemu, kile chuma kinachozunguka unapokanyaga pedali na kuzitanua shu mpaka zikabana ngoma. Ukiachilia, springi huzirudisha. Chumvi na mchanga vikiingia kwenye shina la kemu, huliwa na kutu, likawa gumu. Springi zinavuta, kemu hairudi, na shu zinabaki zimegusa. Kila nilipousukuma ule mkono, nilikuwa nairudisha kemu kwa nguvu. Nati nayo nilikuwa nailegeza bure, mpaka siku ikawa pedali haina cha kuvuta. Kwa maneno mengine, nilikuwa nauza breki yangu kidogo kidogo ili gurudumu lizunguke.

Basi yako ikianza kushika, fuata njia hii, kuanzia rahisi hadi ngumu.

Kwanza, tazama pedali. Inatakiwa izame takriban milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kushika. Haina nafasi kabisa? Hapo ndipo nati ina kazi. Na ujiulize, je, umekaza cheni juzi? Kukaza cheni husogeza gurudumu nyuma, na rodi inavutwa nalo. Kila ukikaza cheni, pima breki upya. Kisha mwambie mwenzako apande na mzigo, upime tena, maana nyuma ikishuka rodi yaweza kuvutika. Breki iliyo huru kwenye stendi inaweza kushika abiria wawili wakikaa.

Pili, chomoa rodi kwenye mkono wa breki. Gurudumu likiwa huru, ugonjwa uko mbele: pedali imejaa matope au springi yake imechoka. Likiwa bado gumu, sukuma mkono urudi nyuma. Likiachilia, ni kemu, kama yangu.

Tatu, bado limegoma? Toa cheni uzungushe tena, kwa sababu cheni iliyokazwa kupita kiasi na beringi iliyokufa hujifanya breki. Na likiwa linashika mahali pamoja tu katika kila mzunguko, huenda ngoma imepinda au gurudumu halikukaa sawa. Hapo legeza nati ya ekseli, kanyaga pedali uishikilie, kisha kaza ekseli ungali umekanyaga. Shu zitajikalisha katikati ya ngoma.

Ikiwa ni kemu, gurudumu lazima litoke. Lile vumbi jeusi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, si zuri kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Kabla ya kutoa mkono kwenye shina la kemu, weka alama pale ulipokaa, la sivyo utaurudisha umekaa vibaya. Toa shina, lisugue kwa msasa laini mpaka ling'ae, safisha na tundu lake, kisha paka grisi ya kustahimili moto. Paka nyembamba! Kwenye shina, kwenye uso wa kemu, na kwenye pini zinakokalia shu. Isiguse liningi wala ngoma, la sivyo umejitengenezea nduthi isiyosimama.

Ukiwa humo, kagua springi. Zikiwa zimenyooka, nunua mpya zote mbili. Liningi ikiwa imefika milimita 2, ageni shu hizo. Ukirudisha gurudumu, usisahau ile fito inayoshikilia sahani ya breki kwenye fremu, pamoja na boliti na pini yake. Ikichomoka, sahani yote huzunguka na gurudumu linaweza kufunga ukiwa mwendoni.

Malizia kwa kupima pedali, jaribu breki pole pole pahali patupu, kisha nenda kilomita chache na usogeze mkono karibu na ngoma. Vuguvugu si neno. Ikichoma, rudi ndani.

Je, ikishika katikati ya njia, huna spana wala grisi? Shusha abiria. Acha ngoma ipoe yenyewe, usiimwagie maji ikiwa moto, inaweza kupinda au kupasuka. Sukuma mkono wa breki urudi, kisha uende peke yako, mwendo wa jongoo, mpaka kwa fundi. Abiria atakasirika kuachwa. Mwache akasirike.

Na kwa wanaopita ufuoni kama sisi: jioni suuza gurudumu kwa maji matamu. Najua huko maji hayo ni mali, kwa hiyo kopo mbili zatosha. Baadaye endesha hatua chache ukikanyaga breki kidogo kidogo, ili ikauke kabla ya kulala.

Yule mama hakupanda nduthi yangu kwa muda mrefu. Siku aliyorudi, alisimama kando na kapu lake, akaniangalia. Hakuuliza kitu. Mimi mwenyewe nikapiga stendi kubwa, nikazungusha gurudumu mbele yake, kisha nikakanyaga pedali. Likasimama. Akapanda.