Kabla ya Kununua Mashua, Chukua Kisu

Wakazi wengi wa mijini wenye asili ya Homa Bay na Migori wana ndoto ya kumiliki mashua, iwe ya kuwatembelea jamaa kisiwani Rusinga wakati wa likizo, iwe ya kukodishwa wavuvi ili karo ya watoto ipatikane. Ndoto ni njema. Taabu ni kwamba aghalabu wao hununua rangi.

Kuanzia Mbita hadi Sori na Muhuru Bay, mashua hupakwa rangi za kupendeza, na ubao mbovu hujificha vyema chini yake. Chukua kisu, udunge karibu na mkuku na pale mataruma yanapokutana na mbao. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, rudisha pesa mfukoni.

Mashua iliyozoeleka huku ni sese, jina lililotokana na visiwa vya Ssese nchini Uganda. Muulize fundi ni mti gani alioutumia. Mvule hudumu, lakini umekuwa haba na ghali, kwa hiyo wengi hutumia mbao nyepesi. Mbao hizo si dhambi, ila bei yake isiwe ya mvule!

Je, pikipiki za majini ambazo vijana huzitamani? Injini yake hufyonza maji, na gugumaji likiingia humo, safari imekwisha.

Ukubwa nao usipuuzwe. Hili ni ziwa la kilomita za mraba 68,800, na upepo wa alasiri huinua mawimbi. Mashua iliyowatosha wawili asubuhi haiwafai wanane saa kumi jioni. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha, mtoto apate la kimo chake.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponza walio Nairobi. Mashua ikiachwa juani miezi mitatu, mbao hunywea, maungio hufunguka na kalafati hudondoka. Mwenyewe anarudi Desemba, anawapakia watoto, nao wanajikuta ndani ya chujio. Iinue juu ya magogo, uifunike kwa nyasi au turubai huku ukiacha hewa ipite. Kabla ya safari, iloweke kwenye maji ya kina kifupi mpaka mbao zivimbe, kisha uzibe panapovuja.

Chagua pia mahali pa juu. Mwaka 2020 ziwa lilifurika kupita viwango vyote vilivyowahi kupimwa, likameza fuo zilizodhaniwa kuwa salama. Injini isilale ufuoni: ing'oe, umwage petroli, uifungie nyumbani. Patana na kamati ya ufuo, ile iitwayo BMU, kuhusu mlinzi, naye alipwe kila mwezi. Mlinzi anayelipwa kwa ahadi huikodisha mashua yako usiku.

Na salio la fundi? Lisitoke mpaka mashua ilale majini usiku kucha. Asubuhi, hesabu makopo ya maji utakayoyateka.