Baba anacheka msibani, na si jini
"Daktari, baba kaangua kicheko msibani. Ni jini gani huyu?" Wiki hii nimeulizwa tena. Hakuna jini. Ni kiharusi kilekile kilichompoozesha mkono.

Kosa ni kudhani kwamba kila kicheko kimetoka kwenye furaha. Mwambie mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja wa uso akuoneshe meno: mdomo unakwenda kombo. Kisha mjukuu afanye kituko. Mara nyingi pande zote mbili za mdomo hupanda. Tabasamu la kuagizwa hushuka kutoka gamba la ubongo, lile la moyoni hupita njia nyingine, na zote huishia kwenye shina la ubongo, ambako uso, koo na pumzi hufanya kazi pamoja. Tangu 1862 Duchenne, tabibu wa Kifaransa, alieleza kuwa tabasamu la kweli hukaza hata misuli inayozunguka macho. Lakini sehemu za juu za ubongo zina kazi nyingine pia, ya kuzuia kicheko na kilio. Kiharusi kikiharibu njia za kazi hiyo, breki hupotea. Salamu tu yatosha kumfanya acheke, pengine kicheko kigeuke kilio, na moyoni hana furaha wala huzuni inayolingana nacho. Muulizeni mwenyewe. Wengi huniambia wanaona aibu.

Nanyi mnampeleka kufukizwa! Mnamfunika blanketi juu ya chungu kinachochemka mtu ambaye huenda nusu ya mwili wake haihisi moto. Vidonda vya namna hiyo nimevifunga kwa mikono yangu. Mnamchanja chale. Mnamwachisha vidonge vya presha eti visigongane na dawa ya mganga, na kiharusi cha pili hupitia mlango huohuo. Dua mwombeeni, sina neno nayo. Ila mvuke hauungi njia ya neva iliyokatika, na inaniuma kwa sababu tiba ipo.

Mleteni kliniki. Fluoksetini, au amitriptilini kidogo baada ya kupimwa moyo, huwapunguzia wengi. Tutachunguza na sonona, maana huweza kuwapo pia. Mtoto mwenye vicheko vifupi vinavyojirudia vilevile bila kichekesho achunguzwe kifafa. Nyumbani, msimkemee mgonjwa. Badilisheni mazungumzo, avute pumzi polepole. Na kabla hajafika msibani, mmoja wenu atangulie awaambie wafiwa kuwa ni ugonjwa.