Ukweli na Kusadikika katika Filamu za Kutoroka Kifungoni: Kisa cha Nanyuki, 1943

1.0 Utangulizi

Filamu nyingi za kutoroka kifungoni hutanguliwa na tamko kwamba kisa chake ni cha kweli. Tamko hilo humtaka mtazamaji asadiki kabla hajapewa sababu ya kusadiki. Makala haya yanadai kwamba ukweli wa tukio haumwondolei msimulizi wajibu wa kulifanya lisadikike.

Kiswahili kinazitenga dhana hizi mbili. Neno "kweli" huhusu tukio lenyewe. "Sadikika", kwa kiambishi chake cha kutendeka -ik-, huhusu uwezekano wa tukio hilo kupokewa na msikilizaji. Ndiyo maana Shaaban Robert aliweza kuiita Kusadikika nchi iliyo angani: haipo, lakini mambo yake yana sababu.

2.0 Kisa na filamu yake

Tarehe 24 Januari 1943, mateka watatu wa Kiitalia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, Kenya. Hawakukusudia kurudi kwao. Walitaka kuupanda Mlima Kenya, kisha warejee kambini. Miongoni mwa vielelezo vyao vichache vya njia ilikuwamo picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Kilele cha Batian (mita 5,199) kiliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana (mita 4,985), wakasimika bendera ya Italia, na tarehe 10 Februari wote watatu wakawa wamerudi kambini. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia 7.

Katika kitabu chake cha mwaka 1947, Benuzzi anaanza na uchovu wa kambini: siku zisizo na kazi wala tofauti, na mlima unaojitokeza mawinguni. Msomaji akifika penye utoro, sababu anayo tayari. Filamu ya The Ascent (1994), iliyoongozwa na Donald Shebib, inaongeza ushindani na ofisa wa Kiingereza pamoja na mapenzi. Nia hizi zimezoeleka, kwa hiyo hupokewa upesi; lakini zinalifunika swali kuu la kisa: kwa nini mtu aliyekwisha kuwa huru arudi kifungoni kwa hiari?

3.0 Mtazamaji na ugeni wa jambo

Huenda ikadhaniwa kwamba mtazamaji wa Chake Chake, ambaye kisiwa chake cha Pemba hakina theluji, atatatizwa na mandhari. Sivyo. Ugeni wa jambo pekee hauzuii kusadiki, wala elimu pekee haihakikishi. Taarifa za Rebmann na Krapf kuhusu theluji karibu na ikweta, za mwaka 1848 na 1849, zilikuwa kweli, lakini mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alizibeza. Mtazamaji wetu ataipokea theluji. Atakachodai ni sababu ya kurudi.

4.0 Hitimisho

Mhakiki wa filamu hizi asiishie kuuliza, "Je, yalitokea?" Aulize pia kama nia inayooneshwa inatosha kuzaa kitendo, na kama ni nia ya mtendaji au ni ya kukopwa. Mfungwa hunyang'anywa mengi. Akisimuliwa kwa nia isiyo yake, hunyang'anywa hata sababu yake.