Faida za Kujificha Nyuma ya Kinyago

Anayevaa uso usio wake huhesabiwa upesi kuwa mnafiki, na Kiswahili hakina huruma kwa mnafiki wala kwa ndumilakuwili. Hata hivyo, katika jamii kadhaa za Kongo kujificha nyuma ya nafsi ya bandia ni kazi iliyopangwa, yenye wenyewe na masharti yake, tena huleta manufaa ambayo uso mtupu hauwezi kuyaleta.

Mfano ulio wazi ni kifwebe cha Wasonge na cha Waluba, jirani zao. Kinachoonekana ni uso wa mbao uliochimbwa mistari mingi, ndevu ndefu za nyuzi za mwale, na vazi linalouficha mwili wote. Kifwebe cha kiume hubeba upanga mrefu kichwani, mfano wa ule wa jogoo, na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Cha kike huwa cheupe zaidi na upanga wake ni mfupi au haupo kabisa. Vyote viwili huvaliwa na wanaume. Chama cha vinyago hivyo, kiitwacho bwadi bwa kifwebe, kilisaidia wakubwa kusimamia amri zao, kutoza watu na kuwatisha wakaidi.

Sasa na afikiriwe kijana wa kijiji kidogo aliyeagizwa kumtoza faini mjomba wa mkewe. Akienda kwa uso wake, deni litalipwa lakini ujamaa utavunjika, maana kesho wawili hao watakutana kisimani na matangani. Kifwebe kikienda, aliyetoza si mkwe. Mjomba naye hakudhalilishwa na mtoto mdogo, bali ametii kitu kinachowapita wote wawili. Faida hii ya pili husahauliwa mara nyingi: kinyago humlinda anayesemwa sawasawa na anayesema. Wanaokiona kuwa ngao ya mvaaji peke yake wameona nusu ya jambo.

Je, ni lazima watu wasijue aliye ndani? Makishi ya Wachokwe, Walunda na Waluvale, yanayotokea wakati wa mukanda, yaani jando la wavulana, yanatoa jibu. Kwa kawaida husemwa mbele ya wanawake kwamba likishi ni mzimu uliofufuka. Lakini mama aliyekaa na mumewe miaka ishirini atashindwaje kuutambua mwendo wake? Wengi hujua, wakanyamaza. Methali husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Kwa jamii nzima ina mashaka, kwa kuwa jamii huchonga kinyago chake, ikakijua, kisha ikakubali kutishwa nacho. Nguvu yake inatokana na mapatano hayo kuliko ujinga wa watazamaji.

Mjini kinyago si cha mbao tena. Huko Lubumbashi, mchezaji maarufu wa tamthilia za Kiswahili alijulikana kwa jina la jukwaani, Mufwankolo, hata kundi lake likaitwa hivyo. Mwaka 1986, chini ya chama kimoja cha MPR, kundi hilo lilitunga mchezo juu ya msemo wa Kifaransa usemao kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekuwa pamoja nao, alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1990. Mambo yaliwekwa kijijini, kwa chifu na watu wake. Chifu wa mchezo si Rais wa nchi, na hakuna aliyesema kuwa ndiye. Mtazamaji aliachiwa kazi ya kulinganisha, na kazi hiyo hufanyika kimya, moyoni, mahali ambapo polisi hana hati ya kuingia. Mchezaji naye, akiulizwa, angeweza kujibu kwa haki kabisa kwamba maneno yale yalikuwa ya chifu.

Faida hizo zote zina sharti moja: anayejificha awe amekichagua kinyago chake, au amekipokea kwa wenziwe. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na raia wa Zaire wakaamriwa kuyaacha majina ya ubatizo. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda mwaka huohuo. Jambo lililokusudiwa kurudisha nafsi halisi ya Mwafrika likawafanya wengi wawe na nafsi mbili: Jean au Marie wa nyumbani, na mwananchi wa kwenye kitambulisho. Hapo kinyago kilivalishwa na serikali, na jina lililofichwa ndilo lililopewa mtoto na wazazi wake. Lakini hata katika shida hiyo watu waliupata mwanya uleule wa mvaa kifwebe. Aliyeshangilia kwenye mkutano wa chama alikuwa mtu wa kitambulisho. Aliyesali usiku alikuwa mwingine, na huyo chama hakikumfikia. Baada ya tangazo la tarehe 24 Aprili 1990, lililofungua mlango wa vyama vingi, majina ya ubatizo yalianza kurudi hadharani. Wengi hawakuliacha jina lolote, wakaendelea kuitwa moja kazini na jingine kanisani.