UKUTA MREFU, UNDUGU ULIOBOMOKA

Somo: Zaburi 127:1

Leo tuutazame mji wa kale wa Konstantinopoli, ambao sasa ni Istanbul, nchini Uturuki.

Mji ule una bahari pande tatu. Upande wa nne, wa bara, ulijengewa ukuta uliomalizika mwaka 413, enzi ya Kaisari Theodosio wa Pili. Kwenda juu ulikuwa kama mita 12, unene kama mita 5, nao ulikuwa na minara 96. Mbele yake palijengwa ukuta wa pili, kisha handaki lenye upana wa mita 20 hivi. Adui aliyevuka handaki na kuupita ukuta wa kwanza alikuta mwingine mrefu zaidi, na walinzi juu yake.

Mwaka 447 tetemeko la ardhi liliangusha minara 57. Watu wakashikamana, wakaujenga upya kwa siku 60. Majeshi makubwa yaliuzingira mji mwaka 626 na tena mwaka 717, yakarudi mikono mitupu.

Je, jeshi gani la kigeni lilikuwa la kwanza kuuteka? Lilikuwa jeshi la Wakristo! Mwaka 1204 askari wa Vita vya Msalaba kutoka magharibi, walioapa kuikomboa Yerusalemu, waliwageukia ndugu zao wa mashariki, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamefarakana nao. Waliupanda ukuta wa pwani kutoka merikebuni, wakapora hata makanisa. Mji haukuzirudia nguvu zake za zamani. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili alipoleta mizinga yake, walinzi walikuwa kama 7,000 tu, na mji ukatekwa.

Wapenzi, mwaka 447 mawe yalianguka, undugu ukasimama, mji ukapona. Mwaka 1204 mawe yalisimama, undugu ukaanguka, mji ukaangamia.

Sisi nasi twafanya harambee, twajenga kanisa la mawe. Lakini wazee wawili wa kanisa hawasalimiani, na kwaya mbili zaoneana wivu. Ufa wa namna hii hauzibwi kwa saruji. Kabla ya kukaribia Meza ya Bwana Jumapili ijayo, twende kwa ndugu yetu, tupatane.

Tuombe: Ee Bwana, ujenge kwanza mioyo yetu. Amina.