Mbwa wa Geti, Paka wa Jikoni

Ukipanda kilima cha Muyenga saa za jioni utakutana na geti baada ya geti lenye kibao cha kukuonya kuhusu mbwa mkali. Ukishuka Katwe au Bwaise, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo wakazi huviita mizigo, vibao vinakwisha na mbwa wanapungua, lakini paka hakosekani: yuko chini ya meza ya muuza mukene, macho juu, anasubiri dagaa mmoja ateleze. Mjini Kampala kila mnyama ana kazi yake. Mbwa analinda mali, paka anafukuza panya, na mshahara wa wote wawili ni mabaki. Wale wa kulala kochini na kukimbizwa kliniki wakipiga chafya wapo, ila bado ni wachache.

Kisayansi jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Utafiti mwingi unaotajwa watu wanapozungumzia faida za kufuga umefanywa kwa mbwa wa namna nyingine kabisa, yule anayetembezwa kwa kamba bustanini asubuhi na jioni. Mfano unaonukuliwa sana ulitoka Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, mwaka 2017. Mwenya Mubanga na wenzake walipitia kumbukumbu za Waswidi wapatao milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, za kipindi cha miaka 12. Kwa watu wanaoishi peke yao, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa.

Namba hiyo inapendeza, ingawa watafiti wenyewe walionya kwamba haithibitishi kuwa mbwa ndiye aliyerefusha maisha; huenda mtu mwenye afya ndiye anayethubutu kufuga mbwa. Hata tukikubali kwamba mbwa anausaidia moyo, sehemu kubwa ya msaada huo hupitia miguu ya mwenye mbwa. Sasa jaribu kumtembeza mbwa Ntinda saa kumi na mbili jioni, bodaboda zikikimbilia juu ya kile kilichobaki cha njia ya waenda kwa miguu. Mbwa wa Kampala hushinda kibandani, usiku akafunguliwa, alfajiri akarudishwa. Anayetembea naye, kama yupo, ni kijana wa kazi. Moyo wa tajiri haujapata kitu.

Faida nyingine haihitaji barabara. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake nchini Japani walipima homoni ya oksitosini kwenye mkojo wa mbwa na wa watu wanaowafuga, kabla na baada ya kukaa pamoja chumbani. Homoni hii ndiyo inayopanda mama anapomnyonyesha mtoto wake. Pale mbwa na mtu walipotazamana machoni kwa muda mrefu, ilipanda kwa wote wawili. Mbwa mwitu waliolelewa na binadamu tangu utotoni hawakuwa na tabia hiyo ya kutazamana, na homoni haikupanda. Inaelekea katika zaidi ya miaka 15,000 ya kuishi nasi mbwa amejifunza kuingia kwenye mlango uliowekwa kwa ajili ya watoto wetu.

Uganda yenyewe ina mahali ambapo uhusiano huo unatumika kama tiba, napo ni Gulu, kaskazini, katika eneo lililopigwa na vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony kwa miaka kama ishirini. Francis Okello Oloya, ambaye bomu lililofukiwa ardhini lilimpofusha akiwa mtoto shambani, alianzisha mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita na mbwa waliookotwa mitaani. Mbwa anachanjwa na kuhasiwa, kisha yeye na mwenyeji wake mpya wanafundishwa pamoja kwa wiki kadhaa. Kinachofanya kazi pale ni ratiba: kuna kiumbe kinachotaka kulishwa asubuhi, hakiulizi ulifanya nini msituni, na usiku ukiamka kwa jinamizi kipo pembeni yako. Mbwa wenyewe ni wa kienyeji, wale wale ambao Kampala huwarushia mawe.

Turudi kwenye geti, maana ndiko mbwa wengi waliko. Jioni sufuria jeusi huinjikwa nyuma ya nyumba: unga wa posho wa bei ya chini, maji mengi, na mukene wa kumwaga. Si chakula kibaya. Mukene huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo protini na madini ya chokaa yamo. Tatizo huanza mukene akipanda bei na mwenye nyumba akageukia utumbo, mapafu na maini yaliyokataliwa machinjioni, akayatupa kibandani mabichi. Humo kwenye mapafu au ini la kondoo, mbuzi au ng'ombe mnaweza kuwa na vifuko vya maji vya tegu mdogo aitwaye ekinokokasi. Mbwa akila, tegu anakomaa tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, halafu humfikia mtoto anayemshika mbwa na kulamba vidole. Ndani ya mtu, kifuko hukua kimyakimya kwa miaka kwenye ini, wakati mwingine hadi kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu uliwahi kuwa mkubwa kuliko karibu kila mahali duniani, kwa sababu huko mbwa alikuwa hata msaidizi wa yaya, akimlamba mtoto kumsafisha. Kinga yenyewe ni rahisi hadi inachosha kuitaja: chemsha nyama ya mbwa, mpe dawa ya minyoo.

Minyoo, viroboto na kupe hata hivyo ni mambo ya sabuni na dawa. Linalomfanya mbwa aogopwe ni kichaa, na hofu hiyo ina haki yake. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15, na karibu kila mara chanzo ni mbwa.

Ujanja wa kirusi chake unatisha na kuvutia kwa pamoja. Kikiingizwa na jino hakiingii kwenye damu, ambako askari wa mwili wangekiona. Kinashika mshipa wa fahamu ulio karibu na jeraha na kuupanda kuelekea ubongoni, polepole, kwa kasi ya milimita hadi sentimita chache kwa siku. Ndiyo maana aliyeng'atwa mguuni anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila dalili yoyote, na aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi zaidi. Kikifika ubongoni kinazaana, kisha kinashuka kwa mishipa mingine hadi kwenye tezi za mate. Hapo mambo mawili hukutana: mate yamejaa virusi na ubongo umeharibiwa kiasi kwamba mnyama anauma bila sababu. Koo hukakamaa, maji hayamezeki, kwa hiyo mate hayaoshwi. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa, na karibu kila mgonjwa hufa.

Lakini ule mwendo wa polepole ndio nafasi yetu. Kirusi hiki kimevaa ganda la mafuta, na sabuni ya kawaida hulivunja. Jeraha likioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, sehemu kubwa ya virusi hufia pale pale. Baada ya hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo, na chanjo ambazo hukimbizana na kirusi kinachopanda mshipani. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe jeusi havina kazi hapa, na saa zinazopotea kuvitafuta ni saa za kirusi.

Kwa miaka mingi jibu la mamlaka za mji kwa mbwa koko lilikuwa sumu ndani ya nyama. Asubuhi mizoga ilizolewa na watu wakapumua. Sayansi inasema kazi hiyo ilikuwa bure, na sababu yake si huruma. Mwaka 2009 Katie Hampson na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia kila tukio la kung'atwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, Tanzania: nani alimng'ata nani, na yule aliyeng'atwa alimng'ata nani baadaye. Waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo tu. Walipolinganisha na milipuko ya nchi nyingine waliona wastani huo ni mdogo kila mahali, pawe na mbwa wengi au wachache. Kwa hiyo kupunguza idadi ya mbwa hakuvunji mnyororo. Sumu pia haichagui, inamuua na aliyechanjwa, na nafasi yake inajazwa na mtoto wa mbwa asiye na kinga. Kwa upande wa pili, ugonjwa unaosambaa kwa mwendo wa kuchechemea namna hiyo hauhitaji kila mbwa achanjwe ili ukome. Asilimia 70 wanatosha.

Pemba walithibitisha. Kampeni ya kuchanja mbwa ilianza kisiwani mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje, chanjo zikaanza upya, na mwaka 2018 kikaondoka tena.

Nimekaa sana kwa mbwa, na paka angependa iwe hivyo. Anapendwa bila kuulizwa maswali. Waislamu wa Kibuli na Old Kampala hawamwoni najisi. Sahaba Abu Huraira alipewa jina kwa ajili ya kipaka chake, na paka hulala kibarazani msikitini bila mtu kumfukuza. Kwa Waislamu hao hao mbwa anaruhusiwa kwa ulinzi, uwindaji na mifugo, ila mate yake yana sharti la kuoshwa. Mama wa chumba kimoja Kisenyi haoni haja ya mjadala wowote: panya wanakula unga, wanatoboa magunia, mkojo wao unaleta magonjwa, na paka mmoja anabadilisha usiku mzima. Adui wa paka huyo ni muuza sumu ya panya anayepita na kipaza sauti. Panya aliyelewa sumu anakimbia polepole, paka anamdaka, na sumu inahama. Ukiwa na paka, usinunue.

Ila paka ana siri yake, kimelea kiitwacho toksoplasma. Kinaweza kuishi ndani ya karibu kila mnyama mwenye damu moto, lakini huzaa mayai ndani ya jamii ya paka pekee. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa kuku wa kienyeji 85 kutoka sehemu kumi za Kampala, na karibu nusu yao walikuwa na kingamwili za kimelea hiki. Kuku hali paka. Anadonoa udongo, na udongo ndio umeshuhudia paka walivyopita. Mtu mwenye kinga imara huenda asijue kabisa kwamba ameambukizwa. Hatari ni kwa mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, maana kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni, na kwa anayeishi na VVU bila dawa, ambaye ubongo wake unaweza kushambuliwa.

Hapa ushauri wa mtaani hukosea njia. Mjamzito huambiwa amtupe paka. Kumbe paka huwa anatoa mayai hayo kwa wiki moja au mbili, kwa kawaida mara moja tu maishani, tena anapoambukizwa akiwa mdogo, na mayai yenyewe huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo yaweze kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine si mjamzito, hatari imekwisha. Paka wa ndani ana lawama ndogo kuliko mboga za dodo na nakati zilizooshwa haraka haraka, au muchomo uliobabuka nje na kuwa mwekundu ndani. Kimelea hufa nyama ikifikia nyuzi 67 za Selsiasi katikati.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anafaa kufugwa Kampala, ningesema mwenye chumba kimoja afuge paka jike aliyefungwa kizazi, na mwenye geti afuge mbwa wachache kuliko anaowataka, wachanjwe kila mwaka na wahasiwe. Kituo cha jumuiya ya kutetea wanyama, USPCA, kimejaa wanyama ambao watu waliwachukua wakiwa wadogo na wazuri, wakawachoka walipokua. Chanjo za bure hutolewa zaidi karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo ya ugonjwa huo, na foleni hujaa mbwa wakubwa wenye minyororo. Watoto wa mbwa mara nyingi huachwa nyumbani kwa imani kwamba chanjo itawadhuru, ingawa Shirika la Afya Duniani linataka nao wachanjwe katika kampeni kama hizo. Katika mji ambao mbwa wengi hawazeeki, watoto hao ni sehemu kubwa ya idadi yote. Wengine wanauzwa kando ya barabara, wameshikwa mkononi mbele ya vioo vya magari, wametoka Wakiso au Mukono na hakuna anayejua mama yao alichanjwa lini. Pemba imezungukwa na bahari na bado kirusi kilivuka.